Mtutu Ulioning'inia Ukutani kwa Orrin

Orrin Tveit alikuwa na mdomo mchungu kama shubiri. Ufundi wake hakuna wa kumnyima. Mji wetu wa Sorrel wote, na wafugaji wa huko bondeni hadi mpaka wa Kanada, mtu akitaka mtutu wa bunduki wa kutegemea alijua pikapu yake aisimamishe mbele ya karakana gani. Lakini uingie umejiandaa kutukanwa. Ukileta bunduki yenye kutu atakuuliza kama na mkeo unamlaza nje mvua ikinyesha. Ukilalamika kwamba bunduki haipigi sawa, alichukua kipande cha pamba, akakizungusha taratibu kwenye mdomo wa mtutu huku akikutazama usoni. Pamba ikinasa, basi hapo pana mkwaruzo, na mtutu wenye mkwaruzo mdomoni hutupa risasi ovyo hata ungekuwa mzuri vipi.

"Kabla hujamlaumu fundi, iulize pamba," alikuwa akisema, na watu walishika. Wanaume wa Sorrel hawatoki nyumbani bila pamba mfukoni, kama watu wa kwingine wasivyotoka bila leso.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokichukia kuliko kutu: mifereji. Namaanisha ile mitaro mirefu ambayo mafundi wa siku hizi huichonga mgongoni mwa mtutu ili kuupunguza uzito. Kwa Orrin hayo yalikuwa matusi. Alisema chuma ukikikata mbavu kinajipinda kwa hasira, na mtutu uliokuwa unapiga nzi unaanza kupiga ng'ombe wa jirani. Alisema hivyo miaka thelathini, mbele ya watu, na waliouliza mara ya pili aliwaonyesha mlango. "Unataka wepesi? Acha bia!"

Sasa, Orrin alikuwa na dada yake, Ardith, na Ardith ameolewa na Merle Haugan. Merle aliendesha lori la ngano maisha yake yote, mtu mpole, mwepesi wa kucheka hata anapochekwa yeye. Madaktari walimtoa pafu moja, likabaki moja. Halafu majira ya kuchipua, kura ikamwangukia. Kila mwaka tangu nywele zake zikiwa nyeusi alikuwa akiomba kibali cha kupiga kondoo dume mwitu wa mlimani, mmoja tu, na sasa kimekuja. Kibali kile hakinunuliwi wala hakirithiwi. Wapo waliokiomba mpaka wakazikwa.

Jumamosi wanaume hunywa kahawa karakanani kwa Orrin, wamelizunguka jiko la kuni. Merle akaingia na bunduki yake, akailaza mezani.

"Shemeji, nina ombi."

"Kama ni pafu, sina la ziada."

Watu wakacheka, wengine huku wakitazama chini. Merle naye akacheka, kisha akakohoa.

"Nataka uuchonge mifereji huu mtutu. Ipungue ratili moja tu. Nimejaribu kupanda nao kile kilima cha nyuma ya nyumba, nikafika katikati nikakaa chini kama bibi harusi."

"Ratili moja!" Orrin akawageukia wenzake. "Mmemsikia? Tumbo lile lina ratili arobaini. Lilete hilo tumbo nilichonge mifereji, shemeji, mtutu uuache."

Dell Amundsen, mkulima wa ngano na mchekaji mkuu wa pale, alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Merle akaichukua bunduki yake, akaenda nyumbani.

Msidhani Merle alikuwa mjinga. Mtutu ule aliutengeneza Orrin mwenyewe, na hajawahi kutengeneza mzuri kupita huo. Risasi tano kwa yadi mia, zote ukazifunika kwa sarafu ya senti kumi. Ukiharibika, hakuna muda wa kupata mwingine kama huo kabla ya msimu. Usipochongwa, hafiki waliko kondoo. Abaki nao mzima chini, au afike nao mbovu juu? Aliligeuza swali hilo wiki nzima, akilala nalo na kuamka nalo, mpaka Ardith akachoka.

"Bunduki isiyopanda mlima ni fimbo ya kukingia mlango," akamwambia. "Kamwambie kaka yangu achonge. Na akikutukana, mwambie nitamfuata mimi."

Merle akarudi. "Chonga, shemeji. Nimeamua."

"Nitachonga. Lakini ukija kulia, usije kulia hapa kwangu."

Orrin alikubali kwa sababu moja tu: alitaka Sorrel nzima ione. Shemeji yake mwenyewe angekuwa somo. Lakini mkono wa fundi una ukaidi wake. Hata kwa nia mbaya ulishindwa kufanya kazi mbaya. Aliikata mifereji polepole, akipoza chuma kwa mafuta, akapima, akakata tena, mpaka mtutu ukalala mezani umenyooka vilevile, mwepesi kwa ratili moja.

Akaenda peke yake kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya karakana. Akapiga tano, akaenda kutazama. Akatoa senti kumi mfukoni, akaiweka juu ya matundu. Ikayafunika yote. Akadhani ni bahati. Akapiga tano nyingine, na hizo zikasogeleana zaidi ya zile za kwanza.

Loo! Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Orrin aliona aibu, na aibu yake ikageuka hasira hapohapo. Aliwaona wote aliowafukuza. Alimwona Dell na kahawa yake puani, safari hii akimcheka yeye. Miaka thelathini ya kusema, halafu abishwe na kazi ya mikono yake mwenyewe? Akarudi ndani, akaubana mtutu kwenye jiliwa, akachukua tupa ndogo kuliko zote, akaugusa mdomo wa mtutu mara moja. Mara moja tu. Mkwaruzo ambao jicho halioni. Aliporudi uwanjani, risasi zake zilitawanyika kwenye karatasi kwa upana wa sahani.

"Asiyesikia la mkuu," akamwambia Merle siku iliyofuata, akimkabidhi ile karatasi, "malizia mwenyewe."

Merle akaomba apige kwa mkono wake. Moja ikaenda juu, moja ikagusa ukingo, ya tatu haikuiona karatasi kabisa. Akaishusha bunduki, machozi yakimlengalenga, akasema, "Ulinionya. Kweli ulinionya."

Je, aliiuliza pamba? Hakuiuliza. Nani aiulize pamba juu ya mtutu uliotoka sasa hivi mikononi mwa Orrin Tveit? Hiyo ni sawa na kukinusa chakula cha mama mkwe naye amekaa mbele yako.

Orrin akamfungia kwenye bunduki ile mtutu mwingine aliokuwa nao, mnene, mzito kuliko hata ule wa kwanza ulivyokuwa kabla ya kuchongwa. "Huu mzima. Vumilia." Na msimu ulipofika akaenda naye mlimani, amebeba hema na chakula. Watu walisema, tazama, chini ya ule mdomo kuna moyo.

Siku ya tatu wakaliona. Dume zee, pembe zimejikunja karibu zifunge duara, limesimama juu ya mteremko wa mawe yaliyovunjika. Kupata pa kupigia ilibidi wafike kwenye bega la mlima. Kwetu mwenye kibali hubeba bunduki yake mwenyewe. Orrin alisema mara mbili, "Lete nikubebee," na mara mbili Merle akatikisa kichwa. "Kibali kina jina langu."

Akapanda. Akapumzika, akapanda. Midomo ikaanza kuwa ya bluu. Bega la mlima lilikuwa pale, ungeweza kulirushia jiwe, na pale Merle akakaa kwenye theluji, asiweze kuinuka. Dume likawatazama wote wawili, likageuka, likavuka kilele bila haraka.

Merle akavuta pumzi mpaka akapata sauti.

"Ratili moja, shemeji. Nimeisikia kila hatua. Laiti ule mtutu ungekuwa mzima."

Hapo ndipo Orrin angesema ukweli. Walikuwa wawili tu na theluji, na mwenzake angemsamehe, kwa sababu Merle alikuwa mtu wa kusamehe. Orrin akafungua mdomo.

"Ni tumbo," akasema. "Si nilikwambia?"

Majira ya baridi yakaja, na ule mtutu wa mifereji ukatundikwa ukutani juu ya jiko. Kila mteja mpya alisimuliwa kisa chake: jinsi shemeji alivyong'ang'ania mifereji, jinsi mtutu ulivyoharibika, jinsi dume lilivyokwenda. Merle mwenyewe alikuwa akikaa pale na kahawa yake, akitikisa kichwa kukubali. "Ni kweli kabisa. Msikilizeni huyu mtu."

Jumamosi moja mfugaji kijana akaja kuuliza bei ya mifereji. Orrin akaunyooshea kidole ukuta. "Merle, mwonyeshe."

Merle akautungua mtutu, akausogeza dirishani penye mwanga, mgongo kawapa wenzake. Akaupapasa. Aliupenda sana mtutu ule. Na mkono wake, bila kutumwa, ukaingia mfukoni ukatoa pamba, ukaizungusha kwenye mdomo wa mtutu, kama Orrin alivyowafundisha wote. Hakuwa anashuku chochote, ni mazoea tu.

Pamba ikanasa.

Akaizungusha tena. Ikanasa palepale, ikaacha uzi mweupe. Merle akainua macho polepole. Wengine walikuwa wanamiminiana kahawa. Orrin peke yake, aliyesimama kando ya dirisha, ndiye aliyeona, na tupa aliyokuwa ameishika ikamponyoka ikaanguka sakafuni.

Nilidhani, na wewe ungedhani, kwamba Merle angepiga kelele. Wapi! Alikitia kile kipande cha pamba kwenye mfuko wa shati, akautundika mtutu mahali pake, akakaa, akanyoosha kikombe ajaziwe.

"Msimulie wewe, shemeji. Wewe ndiye unayekijua kisa vizuri."

Orrin akasimulia. Katikati akanywa maji, akaendelea. Alipofika sehemu ya mlimani akataka kuiruka.

"Ngoja, ngoja," Merle akasema. "Pale nilipokaa kwenye theluji. Ulisema nini? Rudia hapo wasikie."

"Nilisema... ni tumbo."

Dell akacheka kama kawaida yake. Merle naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Jumamosi iliyofuata alifika kabla ya wote, na ile nyingine vilevile. Mtutu Orrin hawezi kuuondoa ukutani, maana watu watauliza kwa nini, na yeyote atakayeushika ana pamba mfukoni. Merle huja, huketi kwenye kiti cha karibu na jiko, hukiweka kile kipande cha pamba mezani kando ya kikombe chake, mahali ambapo hakuna anayekijali isipokuwa mmoja.

"Pafu langu halitapanda mlima tena, shemeji," humwambia kwa upole. "Jumamosi ninazo nyingi. Haya, tuanze."

Na Orrin hugeuka, huutazama mtutu, huanza kusimulia.