Mizabibu ya Mama Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Dodoma, nilifika na viatu vya ofisini. Mkuu wa kitengo cha afya ya mimea akanipeleka shambani hivyo hivyo.

"Zabibu zinamwita kila mtu," alisema. "Wewe tazama majani."

Kazi yetu ilikuwa ukaguzi wa virusi. Ugonjwa tuliouogopa hukunja kingo za majani kwenda chini na kuyafanya mekundu, huku mishipa ikibaki kijani. Mzabibu haufi. Huzaa kidogo, na zabibu huchelewa kuwa tamu. Dawa hakuna.

Baadaye nilihamishiwa Mwanza, ambako mizabibu ilikuwa michache. Huko Buswelu, mjane mmoja, Mama Kabula, alikuwa na shamba ambalo marehemu mumewe alilianzisha kwa pingili kutoka Dodoma. Majirani walikuwa wakingoja mvua ili awagawie pingili na wao wapande. Nilikuta majani mekundu. Nilichukua vikonyo vya majani hayo, nikaviweka kwenye sanduku la barafu, na maabara ikathibitisha kuwa ni virusi vile.

Afisa mfawidhi wangu alikuwa na uwezo wa kuamuru mizabibu ing'olewe, ila hakutaka.

"Tukimlazimisha, atagawa pingili kwa siri," aliniambia. "Nenda ukamweleze."

Nilimweleza asubuhi nzima. Aliuliza kama kupogoa kungesaidia, nikamjibu kuwa virusi vimo hadi mizizini. Mwishowe aliita vibarua, wakang'oa na kuchoma. Ulibaki mzabibu mmoja, kando ya kaburi la mumewe.

"Huu niachie," alisema. "Uko peke yake."

Nilimwambia kwamba wadudu wadogo wenye unga mweupe mgongoni hubeba virusi, na mzabibu mmoja unatosha kuambukiza yote ambayo majirani wangepanda.

"Ungekuwa wako?"

"Ningeung'oa, mama."

Alichukua jembe, akawakatalia vibarua, akauchimba mwenyewe. Nilisimama pale mpaka alipomaliza. Shambani akapanda karanga. Majirani tuliwaletea pingili safi.

Sasa nimestaafu, naishi Buhongwa. Kazini sikuponya mmea hata mmoja. Niliwaambia watu walicho nacho, basi. Mama Kabula alishafariki.

Mwezi uliopita, sokoni, kijana aliyekuwa akiuza zabibu alinisalimia shikamoo. Nikaitikia, nikamuuliza zimetoka wapi. Akasema Buswelu. Nikauliza kama mizabibu yao haisumbuliwi na magonjwa.

"Ya kwetu haiugui, mzee," alijibu. "Ardhi ya kule ni nzuri tu."

Nikamwambia anifungie kilo moja.