Siku Mama Mkwe Aliponichanja Mguu Sokoni Mutomo

Jamani, hii sijawahi kuisimulia nikiwa nimeinua kichwa, kila nikijaribu naishia kuangalia viatu vyangu, kwa hivyo kama ni kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Hili kovu chini ya goti mnalosema nililipata nikianguka na baiskeli (mimi mwenyewe ndiye niliyeeneza hiyo ya baiskeli) si la baiskeli. Ni la wembe. Na aliyeushika wembe ni mama mkwe wangu, mchana kweupe, soko limejaa, wageni kutoka chuo kikuu wamesimama pembeni wakiandika.

Ilikuwa miaka ya themanini, nikiwa mwalimu kijana kwenye kile chuo chetu kidogo karibu na Makindu, kichwa kimenivimba kwa digrii moja. Tulikuwa watu watatu tuliotaka kuanzisha kozi ya shahada ya uzamili, kozi ya kuwafundisha walimu jinsi ya kutengeneza somo, si lile somo la kusoma kitabu na kunakili ubaoni, bali somo la kumpitisha mtu katika jambo lenyewe mpaka limwingie. Mkuu wetu alikuwa Daktari Kalondu, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, aliyekuwa ameihangaikia hiyo kozi katika ofisi za Nairobi miaka na miaka mpaka watu wakaanza kumkwepa kwenye ngazi. Kulikuwa na Nzioka, mchoraji wetu wa picha za kufundishia, mtu wa maneno machache. Halafu mimi, ambaye kazi yangu hasa ilikuwa kutoa maoni.

Basi mwishowe chuo kikuu kikakubali kututumia wageni waje waone somo letu moja kwa macho yao, wakiridhika kozi inaanza, wasiporidhika Daktari arudi kwenye zile ngazi. Tukachagua Mutomo, darasa la ngumbaru, wazee na akina mama waliokuwa wakijifunza kusoma kwenye jengo la kanisa, kwa sababu huko nyoka wanauma watu kila mara na watu walikuwa bado wanachanja kidonda na kunyonya sumu badala ya kumkimbiza mgonjwa hospitali ya misheni. Somo likawa hilo: usikate, usinyonye, mtulize mgonjwa, mbebe, peleka hospitali.

Sasa siku moja tukinywa chai nikafungua huu mdomo wangu.

"Daktari," nikasema, "mtihani tusiufanye ubaoni. Mmoja wetu aumwe na nyoka. Na tusiwaambie kwamba ni mchezo, kwa sababu tukiwaambia wataigiza."

Daktari akaweka kikombe chini. "Hapo umesema," akaniambia, na mimi kwa vile alikuwa hajawahi kunisifu nikajiona nimefika.

"Na nani ataumwa?" akauliza Nzioka. Wote wawili wakaniangalia mimi.

Mke wangu Mueni nilipomweleza hakufurahi hata kidogo. Yeye ni mzaliwa wa huko Mutomo, na mamake alikuwa anauza ndengu, zile choroko, kwenye soko lile lile la karibu na kanisa. "Hiyo ni siku ya soko," akaniambia akinipigia shati pasi, mtoto wetu mchanga yuko mgongoni. "Mama atakuwepo. Fanyeni mambo yenu yote, lakini mama usimtie aibu. Ni mjane, hana mali, ana heshima yake tu." Nikamwambia mama yake hata hatajua kama siku hiyo nilipita Mutomo.

Na nilikuwa nasema nikijua. Wale ambao si Wakamba niwaeleze kidogo. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima ya haya kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamsalimiani kwa mkono. Hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, wewe unatoka upande huu na yeye anatoka upande ule, hata kama ni kwenye miiba, na akiwa na neno kwako anamtuma mtu. Mama mkwe wangu alikuwa ameokoka, mtu wa kanisa kabisa, lakini hiyo hakuiacha. Tangu nimwoe binti yake nilikuwa namjua kwa kitambaa cha kichwani na sauti ya nyuma ya ukuta, na ile sauti ilikuwa inaniombea kila ikimaliza kula.

Siku ikafika. Nzioka akanichoma matundu mawili chini ya goti kwa ncha ya bikari, akapaka wino mwekundu na rangi ya zambarau kuzunguka, ukavimba ule mguu kwa macho mpaka mimi mwenyewe nikaogopa kuutazama. Mpango ulikuwa wazi: nipige kelele nyuma ya kanisa, wanafunzi waje, wanibebe, wakifika kwenye geti Nzioka apulize filimbi, tuwaambie ukweli, tupigiane makofi, twende tukale. Wageni wakapewa viti kivulini. Mkubwa wao alikuwa profesa mmoja mwenye miwani minene aliyeonekana kutaka kurudi Nairobi kabla hata hajakaa.

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele nzuri sana, Mungu anisamehe. "Kifutu! Nimeumwa na kifutu!" Wakaja mbio, na Mzee Kilonzo, seremala, ambaye tangu tuanze alikuwa akisinzia darasani, ndiye aliyechukua usukani. "Asitembee!" akafoka. "Mwalimu alisema mtu asitembee! Wewe weka huo wembe mbali, hatukati!" Mimi pale chini macho nimefumba nikasema kimoyomoyo, kozi tumepata. Kwa kuwa machela hakuna, wakang'oa ubao mweusi ukutani, wakanilaza juu yake, yale maandishi yangu mwenyewe ya usikate usinyonye yakanichapa chaki mgongoni, wakaninyanyua.

Tukafika kwenye geti. Nzioka akatia filimbi mdomoni. Daktari akamshika mkono.

"Ngoja kidogo," akamwambia, kwa sababu yule profesa alikuwa ameinuka kwenye kiti, anatufuata kwa mbio ndogondogo, kalamu mkononi, akisema, "Ajabu! Ajabu sana!" Na hapo ndipo tulipopotea. Tulikuwa tumechora zoezi zima kwenye karatasi kubwa, na mishale, huyu apite hapa na yule asimame pale, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuchora kwamba kati ya geti la kanisa na hospitali kuna soko.

Waliponiingiza sokoni akina mama wakaanza kupiga nduru. Mbuzi wakatawanyika, watu wakaacha biashara wakaja. Halafu nikasikia mwanamke mmoja, "Ngai wakwa, Mungu wangu! Si huyu ni mkwe wa Mama Mueni? Mama Mueni we! Mkwe wako amekwisha!"

Nikafungua macho. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, lakini nilimwona profesa anaandika na Daktari yuko kando yake mikono ameifumbata kama mtu anayeomba, nikasema acha nivumilie, mama mkwe hawezi kunikaribia, nthoni haimruhusu, atalilia kule kule kwenye ndengu zake na Mueni nitamweleza jioni.

Akanikaribia. Alikuja akisukuma wanaume kwa mabega, akawaambia, "Wekeni chini!" wakaweka chini, akapiga magoti kwenye vumbi, akavua leso yake kiunoni akaifunga pajani mwangu kwa nguvu, akapandisha suruali yangu juu ya goti, yeye, mama mkwe, mbele ya soko zima, mpaka akina mama wengine wakageuza nyuso. Mzee Kilonzo akasema, "Mama, tumefundishwa tusikate." Hata hakumsikia. Alikuwa na wembe wake wa kukatia nyuzi za magunia.

Mtaniuliza, si useme basi? Niseme nini? Nimwambie nani? Sikuwa nimewahi kumtolea neno moja mdomoni mwangu, wala yeye kwangu, na sasa uso wake uko pale pale juu ya mguu wangu, na ulimi wangu ukakataa kabisa. Nilitikisa kichwa tu. Naye akadhani ni sumu imeshika kichwa.

Akanichanja. Nikalia kweli, bila mchezo. Akainama akaweka mdomo pale akanyonya, akatema, akanyonya, akatema, na kati ya kutema akawa ananiambia kwa Kikamba maneno ambayo nayaweka kwa Kiswahili mnisikie: "Mwanangu, usilale. Usilale, mwanangu. Msichana wangu ana mtoto mgongoni. Mimi nimeuona ujane, yeye asiuone. Usilale."

Ndipo filimbi ikalia. Nzioka alikuwa ameshindwa kuvumilia, akapuliza bila kuambiwa, akapuliza mpaka watu wakanyamaza, na Daktari Kalondu akapaza sauti yake ile ya darasani: "Wananchi, tulieni! Huyu hajaumwa. Ni mwalimu, yuko salama. Hili lilikuwa zoezi la mafunzo."

 Mama mkwe alikuwa bado ameushika mguu wangu, damu iko kwenye meno na kidevuni. Halafu huko nyuma kijana mmoja mpakiaji wa magunia akaangua kicheko, akasema, "Mama amenyonya mkwe bure!" na jamani, soko likacheka. Lote. Watu walikuwa wameogopa, nawaelewa, mtu akiogopa halafu akaambiwa hakuna kitu anacheka, lakini kile kicheko mimi nakisikia mpaka leo. Mama mkwe aliniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Akaushusha ule mguu polepole, akajifuta mdomo kwa mkono, akasimama, akapita katikati ya wale wanaocheka akaenda kufunga magunia yake. Leso aliniachia.

Hospitali nilikwenda kweli, kushonwa. Sista akaniuliza nimeumwa na nini, nikasema wembe. Akauliza nani amenikata. Nikaangalia dari.

Na wageni? Waliridhika! Wacha kabisa, waliridhika kupita kiasi. Profesa alinishika mkono pale kitandani akaniambia hajawahi kuona somo lililowagusa watu moyoni namna ile. Kozi ikapita. Daktari Kalondu alilia machozi, na simlaumu, alikuwa ameingoja sana. Wanafunzi wa kwanza walipokuja, aliniomba niwasimulie zoezi la Mutomo kama mfano. Nilimwambia hapana, akaniomba tena, nikamwambia atafute kwanza mtu wa kumwambia mama mkwe wangu kwamba yeye ni mfano. Hakuniomba tena.

Mueni hakunipiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alifua ile leso, akaikunja, akaituma kwao. Nami nikachukua wazee wawili na mbuzi, nikaenda Mutomo kuomba msamaha inavyotakiwa. Tukawekwa nje ya boma. Shemeji yangu akaingia ndani, akakaa, akatoka akiwa anaangalia chini.

"Mama anasema mrudi kwenu na mbuzi wenu," akasema. "Anasema mbuzi ni wa mtu aliyekosa. Wewe hukukosa. Anasema wewe ulikuwa kazini."

Mama mkwe hakurudi sokoni tena. Watoto walikuwa wanamfuata wakinyonya mikono yao na kutema, kwa hiyo ndengu zikawa zinauzwa na mtu mwingine, na kanisani akahamia kiti cha nyuma, yeye aliyekuwa akiongoza wimbo.

Mwaka uliofuata nilikuwa napita kwao, nikamwona anakuja kwenye kile kijia cha mtoni, ametwika kuni. Nikatoka njiani upesi kama inavyopasa, nikaingia kwenye miiba, nikainamisha uso, nikangoja nisikie naye akitoka upande wake. Hakutoka. Alikuja moja kwa moja katikati ya njia, karibu tugusane, akaniangalia usoni vile unavyomwangalia mtu yeyote usiyemjua, akasema, "Habari yako," kwa Kiswahili, akapita.

Tangu siku hiyo niliapa, na sijavunja: somo langu lolote naanza kwa kusema huu ni mchezo, nasema mara ya pili, wanafunzi wananicheka kwamba naharibu zoezi, na mimi nawaambia acha liharibike. Mama mkwe wangu yuko hai, ana nguvu zake, nami siku hizi tukikutana natoka njiani peke yangu.