Mlango Uliokwenda Posta

Siku hizi wakubwa wa makumbusho wamegundua kwamba kuna watu wanachora bila kusomea. Wanakuja Kariakoo na kamera zao, wanasifia mpaka unaona aibu. Zamani walipita hapa hapa wameziba pua.

Kaka yangu anauza makufuli. Mlango wa mbao wa duka lake aliujaza watu wa mtaa wetu, kwa rangi zinazobaki kwenye makopo ya mafundi: wauza vitenge, wabeba mizigo, mama ntilie wetu na masufuria yake. Mtoto akizaliwa, anaongezwa. Mtu akifariki, wafiwa wanakuja dukani baada ya mazishi, kaka anampaka nguo nyeupe pale mlangoni mbele yao, ndipo wanarudi nyumbani kuanua tanga, msiba uishe. Hakuna aliyetunga utaratibu huo, tulizoea tu.

Wale wa makumbusho wakauazima mlango kwa ajili ya maonyesho kule Posta, katikati ya jiji. Mtaa mzima tulipiga vigelegele, na mimi nilikuwa wa kwanza. Wakauwekea kioo, taa, na maelezo marefu kuhusu msanii asiye na mafunzo.

Maonyesho hayajaisha, mama ntilie akafariki. Tulipotoka kumzika, binti yake akaja dukani kama ilivyo kawaida, akakuta geti la chuma mahali pa mlango. Tukaongozana naye mpaka Posta, kaka na brashi yake mfukoni.

Msimamizi alitupokea akitabasamu. Aliposikia tulichofuata, tabasamu likakatika.

"Samahani kaka, kazi hii imeshakamilika. Hairuhusiwi kuguswa."

"Imekamilika vipi na watu bado wanakufa?" nilimuuliza.

"Dada, sisi tunaihifadhi."

"Mnaihifadhi asiiharibu nani? Aliyeichora si huyu hapa?"

Akamwita mlinzi. Hasira zilinipanda. Kaka, kwa upole wake unaonikera tangu utotoni, akasema tu, "Sawa bosi." Nilitamani kumtikisa. Kisha mgeni mmoja akaomba kupiga picha na msanii, na kaka, jamani, akasimama kando ya mlango wake, akapigwa.

Binti wa marehemu hakutazama hayo. Alikuwa amesogea kwenye kioo, anamwangalia mama yake anavyopakua wali.

"Nyumbani wanatusubiri tuanue tanga," aliniambia. "Nikawaambie nini?"