Pole ya Mlango wa Nyuma

Mama alipokuja kunitembelea, nilimpeleka mjini Toronto, Mtaa wa King, kwenye ukumbi wa maigizo, kuona mchezo. Alivaa kitenge kipya ndani ya koti langu la baridi, akatazama kimya mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo nyumbani halijawahi kutokea. Katika mchezo ule mwanamke mmoja alifiwa na mumewe, akalia mpaka na mimi nikajifuta machozi.

Ulipokwisha nilitaka kuwahi treni ya kurudi Mississauga. Mama akagoma. Lazima ampe mfiwa pole.

“Mama, si umemwona marehemu mwenyewe ameinuka anapunga mkono?” nilimuuliza, hasira zimeanza kunipanda.

“Nimemwona. Twende.”

Tukasubiri mlango wa nyuma pamoja na watu waliotaka saini. Yule mwigizaji aliyefiwa alipotoka, Mama alimshika mikono yote miwili. “Pole sana, mwanangu.” Nikatafsiri huku nikiona aibu. Yule dada akacheka, kisha akamkumbatia, na hakumwachia upesi.

Kwenye treni Mama alitabasamu njia nzima.

“Watu wote wale wamemwona anafiwa,” akasema, “halafu wakampigia makofi.”