Mgongo Wangu Mbele ya Mama Mkwe

Mkasa huu unanitia aibu mpaka leo, lakini kwa kuwa mtaa wetu mzima wa Kirumba waliusikia siku ileile, tena umeongezwa chumvi, afadhali muusikie kwangu.

Viwanda vya samaki vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza kufunguliwa, nami nilikuwa nashinda nimeinama nikikata minofu ya sangara, mpaka kiuno kikagoma. Hospitali wakanipeleka kwa Mama Koku, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mhaya mmoja mpole mwenye mashine ya msaada kutoka Ulaya: anakubandika nyaya mgongoni, misuli ikikaza mashine inalia, ikilegea inanyamaza, na kazi yako ni kujifunza kuinyamazisha. Niliiweza haraka (nikajiona fundi), ndiyo maana siku hiyo nikamwomba aache pazia wazi, wagonjwa wa kwenye benchi wajifunze kwangu.

Basi nimelala kifudifudi, mgongo nje, mashine kimya, mara nasikia, "Hodi humu." Ni mama yake Leah, mchumba wangu, kavuka kivuko cha Busisi na chupa ya uji kwa kuwa kasikia nimelazwa. Sasa kwetu Wasukuma mama mkwe kukuona huna shati ni mwiko, na tena ukoo wao ulikuwa unangoja neno lake tu, wapokee ng'ombe wangu au wawakatae.

Mashine ikalia.

"Shikamoo, mama," nikaiambia sakafu. Mlio ukazidi.

"Marahaba, baba. Huo mlio ni wa nini?"

Nilimwomba Mungu Mama Koku adanganye, lakini yule anapenda kueleza. "Misuli inakaza, mama. Mgonjwa akiwa na hofu huwa hivyo."

"Hofu ya nini?"

Mama mkwe akaweka chupa chini, akarudi nyuma mpaka mlangoni, mashine ikanyamaza. Akaingia tena, ikalia. Akatoka, kimya. Watu wa kwenye benchi wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Kumbe ugonjwa wenyewe ni mimi," akasema, akaenda zake.

Usiku ule sikupata usingizi kwa wasiwasi. Baadaye Leah akaniambia mama yake amekubali, kawaeleza ukoo kwamba heshima ya kijana imepimwa hospitali ikaonekana ipo. Nilifurahi sana, sikatai, ila nimeapa sitajifanya tena mwalimu wa watu nikiwa sijavaa shati. Na hadi leo nikifika ukweni nikasema shikamoo, wote wananyamaza kwanza, wanasikiliza.