Swali Baada ya Salamu

Mdogo wangu wa kike anasomea ustawi wa jamii, na akija likizo kwetu Kerege huja na maswali. Tulikuwa tunamenya mihogo akauliza, "Dada, kwa nini nchi nyingine watu wanajiua sana na nyingine kidogo?"

Mimi niliacha shule darasa la sita, wazazi walipofariki, lakini majibu sijawahi kukosa. Nikamwambia wenzetu matajiri kila mtu na geti lake. Huku usipofungua mlango hadi saa tatu, jirani anakuja kuomba chumvi, na chumvi anayo. Tena dini imetukataza kujiua.

"Na kukosa kazi?"

"Huku nani alikuwa nayo hata aikose?"

Akacheka. "Mwalimu anasema yote yamo, dini, upweke, umaskini. Ila pengine sisi hatuhesabu tu. Yule seremala wa barabarani mlisema kafa na nini?"

"Presha."

"Dada."

Nikaweka kisu chini. Mimi jirani yake ndiye niliyewapokea waliokuja kuhani, nikawaambia presha. Tuliogopa polisi, tukaogopa maneno ya watu. Na siku moja kabla hajafa nilimsalimu, akanijibu salama kabisa, akaulizia na kuku wangu. Pwani ndivyo tulivyo, habari huwa njema hata nyumba ikiungua, na ukishajibiwa, kuchimba zaidi ni kukosa adabu.

Hapo nikamfikiria mdogo wetu wa kiume, anayelala chumba cha uani. Wiki ya tatu tangu yadi ya matofali iwapunguze kazi yeye na wenzake. Kila asubuhi shikamoo, marahaba, umeamkaje, salama. Nami niliyemlea nikatosheka.

Nikanawa mikono, nikaenda kukaa kitandani kwake.

"Umeamkaje?"

"Salama, dada."

"Hiyo nimeisikia. Unafikiria kujiua?"

Akanitazama kama nimetoka nje bila nguo. "Swali gani hilo, dada?"

"La mtu asiyesoma. Jibu."

Akageukia ukutani. Akasema usingizi umemkimbia, na kuna siku, ndiyo, anafikiria. Sikumwambia ni dhambi. Nilimwita dada yake aje na beseni la mihogo, tukamenya watatu, kijana akitusimanga kwa kutoa maganda manene.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kumsemea, kama kawaida yangu, lakini nesi aliniomba nisubiri nje. Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Sauti ya mdogo wangu nilikuwa naisikia kupitia mlango, anaongea tu, wala hakuna aliyekuwa akimhimiza.