Uzi Uliopimwa kwa Jiwe

Mwanangu, ipo siku moja inanijia kila nikishika kamba. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilitoka kwetu Vuga, milimani, nikaolewa Kigombe, pwani ya Tanga. Baba mkwe wangu, Mzee Bakari, alikuwa nahodha wa mashua ya kijiji. Nyuma ya mashua walikokota chambo cha bandia, samaki wa bati ang'aaye, mwenye ndoana mkiani. Alikuwa mmoja tu, na madukani hapakuwa na mwingine. Angepotea, wale samaki wakubwa, nguru, tungewasikia tu kwa majirani.

Mzee akanituma mjini nikanunue uzi wa kuunganisha mshipi wa kuvulia na yule samaki wa bati. Alinituma mimi kwa sababu wenye maduka walikuwa wananiogopa. Nikachagua nailoni nyembamba, safi kama machozi. Sisi wa milimani kamba ya kuni tunaipima kwa kuivuta. Basi nikaivuta, nikairudia, haikukatika. Bei nikaishusha hadi muuzaji akaniuliza kama nina ugomvi na ukoo wake.

Nilipomletea, baba mkwe hakunigombeza. Aliokota jiwe la matumbawe, akausugua uzi kidogo tu. Ukakatika.

"Mkwe wangu, huu utakufaa kufungia kuni," alisema. "Nguru akinasa anakimbilia miambani. Na mwamba hauvuti, unasugua."

"Basi nilete waya, baba?"

"Waya ukishajikunja umekufa. Tena samaki anauona, hao si wajinga. Leta nailoni nene, ile ngumu."

Nikarudi dukani na jiwe ndani ya khanga.

"Mama, leo umekuja kununua au kunipiga?"

"Itategemea bei."

Nikazisugua nailoni zake zote mbele ya macho yake. Ile nene, yenye rangi ya maji ya mchele, iliota manyoya tu. Nikaichukua.

Juma lile nguru alinasa, akazama miambani. Ndoana ikamwachia. Mzee alirudi na uzi umechunika kama goti la mtoto, nguru hayupo, lakini samaki wa bati yupo. Nguru wa kesho yake tulimla.

Basi mwanangu, kitu usikipime kwa taabu unayoijua wewe. Kipime kwa taabu kinayoiendea, na umuulize aliyekwisha kufika huko. Hata mchumba, usimpime siku ya ngoma. Mtazame siku unga umekwisha. Mwenyezi Mungu akujalie jicho la kuchagua, akuepushe na bei rahisi isiyo na sababu.